Shotigani mpya ya bei nafuu au iliyotumika ya daraja la juu?

SWALI: Fundi, salamu. Nimekuwa nikipiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kwa bunduki ya kuazima, na sasa kibali changu kimetoka. Fedha niliyoweka inatosha kununua moja kati ya mbili: shotigani mpya ya mitutu miwili, mmoja juu na mwingine chini, ambayo ni ya bei ya chini kabisa dukani na ina dhamana ya miaka miwili, au Beretta 686, ya muundo huohuo lakini ya daraja la juu, ambayo imetumika kwa zaidi ya miaka 15 na mwenyewe anasema ni nzima. Zote ni geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu). Nitaitumia zaidi kwa visahani na mara chache kwa ndege. Nichukue ipi, na nitajuaje kama ile ya zamani haijachoka?

JIBU: Ndugu, kama 686 hiyo itapita ukaguzi ninaoueleza hapa, na kama inakukaa vizuri begani, ichukue. Ikishindwa katika jambo lolote kubwa kati ya haya, nunua ile mpya na usijutie, kwa sababu jina zuri lililochongwa kwenye chuma kilichochoka halitakusaidia uwanjani.

Sababu ya kuegemea upande huo ni wingi wa risasi utakazopiga. Mzunguko mmoja wa visahani kwa kawaida ni risasi 25, hivyo mtu anayepiga mizunguko minne kila wiki hutumia zaidi ya risasi 5,000 kwa mwaka. Mwindaji anayefyatua chache tu kwa msimu anaweza kukaa na bunduki ya bei nafuu maisha yake yote bila kuona tofauti, kwa maana marisau (vipira vidogo vilivyomo ndani ya risasi) yakishatoka mtutuni hayajui yametoka katika bunduki ya bei gani. Kwa mpiga visahani mambo ni mengine. Mtengenezaji anayetaka kushusha bei hupunguza pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki: ugumu wa chuma katika sehemu zinazosuguana, ubora wa springi, ulaini wa triga (kifyatulio), na saa za fundi wa kukaza mitutu iungane sawasawa na resiva, yaani mwili wa chuma unaobeba mitambo ya kufyatulia. Upungufu huo hauonekani dukani. Hujitokeza baada ya maelfu ya risasi, na mara nyingi dhamana imekwisha.

Umri wa hiyo Beretta usikutishe. Miaka haichakazi bunduki iliyotunzwa. Kinachoichakaza ni idadi ya risasi, unyevu na mikono isiyojua kazi. Bunduki za familia ya 680, ambamo 686 imo, zina faida moja ninayoithamini sana kama fundi: vigingi viwili ambavyo mitutu huzungukia inapofunguliwa, pamoja na pini za kufungia zinazotoka katika uso wa resiva, vinaweza kubadilishwa. Uchakavu wa kawaida wa bunduki hii, kwa hiyo, unarekebishika, na vipuri hupatikana kwa urahisi kuliko vya bunduki nyingi za bei nafuu ambazo jina la muagizaji wake hubadilika kila baada ya muda.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Kwanza ifungue na uhakikishe kwa macho yako kwamba chemba zote mbili, yaani sehemu za nyuma ya mitutu zinamokaa risasi, ni tupu. Uelekeze mdomo wa mitutu pasipo na mtu muda wote. Ukiifunga, tazama wenzo wa juu wa kufungulia. Katika bunduki isiyochakaa, wenzo huo husimama ukiwa umeegemea kulia kidogo, na kadiri miaka inavyokwenda husogea kuelekea katikati. Ukiukuta katikati, bunduki imefanya kazi nyingi lakini bado inaweza kuwa salama. Ukiwa umevuka kwenda kushoto, sehemu za kufungia zimelika na gharama ya kuzirekebisha lazima ikatwe kwenye bei.

Kisha ondoa mbao ya mbele iliyo chini ya mitutu, funga tena mitutu, shika shingo ya kitako na uitikise bunduki kwa upole. Wauzaji wengi hawapendi hatua hii, nayo ndiyo inayosema ukweli, kwa sababu mbao ya mbele ikiwa mahali pake huibana mitutu na kuficha ulegevu. Hupaswi kusikia mgongano wala kuhisi ulegevu wowote mkononi. Bila kuirudisha mbao hiyo, inua bunduki kati ya jicho lako na mwanga, utazame pale mwisho wa nyuma wa mitutu unapokutana na uso wa resiva: mstari wa mwanga ukipenya hapo, mitutu imeachana na resiva, na mimi singeipiga bunduki hiyo kabla fundi hajaishughulikia.

Mitutu ndiyo roho ya bunduki, na hapa usiwe na haraka. Itoe, ipanguse ndani kwa kitambaa kikavu ili mafuta yasifiche vidonda vya kutu, kisha ielekeze kwenye ukingo wa dirisha. Ukiizungusha polepole utaona kivuli chembamba kikitembea ndani kutoka chemba hadi mdomoni. Kivuli hicho kinapaswa kunyooka kama uzi uliovutwa. Kikipinda mahali fulani, pana mbonyeo, na ukiona pete nyeusi iliyozunguka mtutu mzima, hapo mtutu umevimba, pengine kwa sababu uliwahi kufyatuliwa ukiwa na kitu kilichouziba. Mbonyeo mdogo fundi huweza kuunyoosha. Uvimbe ni sababu tosha ya kumrudishia mwenyewe bunduki yake. Mwishowe ining'inize mitutu kwa kidole na uigonge kwa ukucha au kwa kipande cha mti: ikilia mlio safi unaodumu, maungio yake ni mazima, ikitoa sauti ya kufa au ya kutetemeka, mahali fulani lehemu inayounganisha mitutu imeachia.

Kwa triga na mitambo ya kutupa maganda, omba risasi bandia za mazoezi, usifyatue chemba tupu. Usishangae ukivuta triga mara ya pili bila kitu kutokea, kwa kuwa 686 huhitaji msukumo wa risasi ya kwanza ndipo iandae mtutu wa pili. Piga kitako kidogo kwa kiganja, kisha vuta tena. Ukiifungua, risasi bandia zote mbili zirushwe nje kwa pamoja na kwa nguvu. Hakikisha pia kwamba kizuizi cha usalama kinashika kweli. Kwenye kitako, tafuta nyufa nyembamba pale mbao inapokutana na chuma, na mbao iliyokuwa nyeusi na laini hapo kwa kunywa mafuta ya miaka mingi.

Soma mihuri iliyogongwa kwenye mitutu na resiva. Urefu wa chemba lazima uwe umeandikwa, na kwa bunduki ya aina hii utakuwa milimita 70 au 76. Nalisisitiza hili kwa ajili ya wasomaji wengine wanaofikiria bunduki za zamani zaidi, ambazo baadhi zina chemba ya milimita 65. Urefu unaoandikwa kwenye risasi ni wa ganda likiwa limeshafunguka, kwa hiyo risasi ya milimita 70 ikiwa haijapigwa huingia katika chemba fupi bila kukataa, kisha ganda linapofunguka hukosa nafasi na shinikizo hupanda kupita kiasi. Aidha, kama utawinda mahali ambapo marisau ya madini ya risasi yamepigwa marufuku na ya chuma ndiyo yanayotakiwa, tafuta muhuri wenye umbo la ua la yungiyungi, unaoonyesha kuwa mitutu ilijaribiwa kwa marisau ya chuma yenye nguvu kubwa, na uepuke choki (mbano wa mdomo wa mtutu unaozuia marisau kutawanyika upesi) zilizobana sana. Hapa bunduki mpya mara nyingi huwa na nafuu.

Kuna kipimo kimoja ambacho kwangu kinazidi vingine vyote, nacho ni mwili wako. Fumba macho, inua bunduki begani kama unayefuata kisahani, kisha fumbua. Jicho lako likijikuta limenyooka na utepe wa juu ya mtutu bila kusogeza shavu, kitako kinakufaa. Ukiona mgongo wa resiva tu, kiko chini mno. Ukiona utepe wote umeinuka mbele yako, kiko juu mno. Angalia na uzito: bunduki ya visahani kwa kawaida ina kilo 3.5 au zaidi, na bunduki nyingi za bei nafuu zenye resiva ya aluminiamu huwa nyepesi kuliko hapo. Wepesi huo ni raha porini, lakini katika mzunguko wa nne bega litaulipia.

Kabla ya kutoa fedha, linganisha namba ya bunduki na nyaraka za mwenyewe, na uhamisho ufanyike kwa taratibu za kisheria za mahali ulipo. Kisha omba kuipiga kwenye karatasi kubwa iliyo umbali wa mita 35, ukilenga alama moja kwa utulivu, mtutu mmoja karatasi moja. Vitovu vya marisau ya mitutu yote miwili vinapaswa kukutana karibu na alama hiyo. Kipimo hiki ukifanye hata kwa bunduki mpya, tena ndani ya wiki za mwanzo, kwani mitutu inayopiga kila mmoja upande wake ni kasoro ya kiwandani ambayo duka lina wajibu wa kukubadilishia.