Rede, Vitendawili na Jani la Mwembe

Ukitaka mtoto ajue kusema ukweli, kuvumilia na kuamua mambo, mpe muda wa kucheza na wenzake, nawe ukae karibu bila kumwingilia kila dakika. Jumamosi jioni huwa nakaa na watoto wa mtaa wetu hapa Ujiji, Kigoma, chini ya mwembe, na ninachokiona pale ndicho kinachonifanya niandike.

Shirika la Afya Duniani lilishataja stadi kumi za maisha, zikiwemo kufanya uamuzi, kutatua matatizo, kuwasiliana, kujitambua, kumhurumia mwenzako na kuhimili msongo wa mawazo. Mtoto ukimsomea orodha hiyo atasinzia. Mwite kwenye rede.

Rede haina gharama: mpira wa soksi kuukuu zilizojazwa matambara, chupa tupu ya maji, na mchanga. Kwetu, wawili wanasimama pande mbili wakirusha, timu ya kati inakwepa huku mmoja wao akijaza chupa. Akiguswa amekufa, mwenzake anaendelea alipoishia. Anayejaza hawezi kuutazama mpira muda wote, kwa hiyo inabidi awaamini wenzake wanaompigia kelele ainame au aruke. Na wenzake nao wajitolee kuuvuta mpira upande wao.

Halafu inakuja ile kelele: "Umekufa!" "Sijafa!" Hapo ndipo watu wazima wengi wanapoharibu, wanakimbilia kuwa refa. Waache wabishane. Ukiona mikono inaanza kunyanyuka, sogea uwaulize watalimalizaje ili mchezo uendelee. Wa kwetu walijiwekea utaratibu wenyewe: wakishindwa kuelewana, mpira unarushwa upya.

Siku moja binti aliyekuwa akijaza, chupa imebakiza vidole viwili tu, alisimama akashika pindo la sketi yake. "Imenigusa hapa." Hakuna aliyekuwa ameona. Timu yake ilimkasirikia kwelikweli, mvulana mmoja akaipiga chupa teke, mchanga wote ukamwagika. Sikumsifia mbele yao, maana angezidi kuchukiwa. Tulipokaa chini niliuliza tu: "Ingekuwa ni wewe, ungefanyaje?" Yule mvulana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema yeye angekaa kimya aendelee kujaza. Nikamshukuru kwa kusema kweli. Wiki iliyofuata yeye na yule binti walicheza tena timu moja.

Kwa wadogo, nyama nyama inatosha. Kiongozi anataja wanyama haraka haraka, wanaoliwa wanaitikiwa "nyama!", na akitaja fisi ghafla anayeropoka anatoka. Kinachofundishwa ni kuzuia ulimi.

Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wengi hawaendi ziwani, kwa hiyo baba wapo nyumbani. Huo ndio wakati wa vitendawili. Watoto wetu wakiombwa mji hupenda kutoa Kalemie au Bujumbura, miji ya nchi jirani, na wazee wanacheka. Muhimu ni kwamba mtoto anamtegea baba yake, baba anashindwa, anatoa mji bila kununa. Mtoto anajifunza kushindwa kwa kumtazama mkubwa akishindwa.

Sasa kupumzika, jambo ambalo wengi wanaliruka. Watoto waliotoka kukimbia wamejaa mori, ukiwaruhusu hivyo hivyo watagombana njiani. Walaze chali kwenye mkeka, kila mmoja aweke jani la mwembe tumboni. Avute pumzi kwa puani jani lipande, aitoe taratibu jani lishuke, utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji. Baadaye wakunje ngumi kwa nguvu kana kwamba wanakamua ndimu, wahesabu hadi tano, waachie. Halafu mabega, halafu miguu. Kukaza na kulegeza misuli kwa zamu hivi ni njia ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyeitumia kwa watu wazima karne iliyopita. Dakika tano zinatosha, hasa kabla ya mitihani.

Usimlazimishe mtoto kufumba macho. Mkoa wetu umepokea watoto waliokimbia vita Kongo na Burundi (kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo tangu 1996), na kwa aliyepitia vitisho, giza la macho yaliyofumbwa linaweza kuleta hofu badala ya utulivu. Mwambie atazame jani lake tu, au akae ameegemea mti. Akianza kulia, mkae pembeni wawili, usimhoji mbele ya wenzake. Akikueleza kwamba kuna mtu anamuumiza, msikilize hadi mwisho, kisha piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, au mwone ofisa ustawi wa jamii.

Wapo wazazi wanaoniambia mchezo unawapotezea watoto muda wa kuchota maji na kuanika dagaa. Nawaheshimu, kazi za nyumbani nazo ni malezi. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unataja kupumzika na kucheza kuwa haki. Nami huomba saa moja na nusu tu, kuanzia saa kumi na nusu, ndoo zikishajaa.