Kazi ya mashine ifanywe na mashine: majibu ya maswali yenu

Katika safu iliyopita nilisema mtumiaji mahiri wa kompyuta ni yule anayekataa kufanya kwa mkono kazi ambayo mashine imeundwa kuifanya. Mmeniandikia wengi. Leo nawajibu watano.

Nimenunua laptop ya Core i7 yenye RAM ya GB 16, na ofisini wameanza kuniita mtaalamu. Je, nimeshafika? (Msomaji, Dodoma)

Hongera, mashine itakufaa. Ila umahiri hauji nayo ndani ya boksi. Namjua karani mmoja mwenye kompyuta ya mezani ya zamani, ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Mwombe barua ya Machi 2019, anaitoa kabla hujakaa. Kila faili yake inaanza na mwaka, mwezi na siku, 2019-03-14, kisha jina la mhusika, kwa hiyo kompyuta inazipanga yenyewe kwa tarehe. Huyo kwangu ameshafika.

Kaka, tasnifu yangu ina kurasa 94. Msimamizi akiongeza aya moja tu, namba za kurasa kwenye yaliyomo zinahama zote, nami narudi steshenari kulipia marekebisho. Nifanyeje? (Mwanafunzi, Mbeya)

Hili linaniuma. Nilifanya kazi steshenari miaka sita, jirani na chuo, na kila mwisho wa muhula niliona foleni ya vijana usiku, mtu anabonyeza nukta, nukta, nukta mpaka afike ukingoni, ndipo aandike 37. Asubuhi inageuka kuwa 38. Nukta zile hakuna binadamu anayepaswa kuzichapa.

Fungua kazi yako katika Word, ile programu ya kuandikia. Weka kishale kwenye jina la sura, bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja. Kwenye vichwa vidogo bonyeza Ctrl, Alt na 2. Kukoleza wino peke yake hakuiambii Word kitu. Ukifanya hivi inaelewa kwamba hiki ni kichwa cha sura. Ukimaliza nenda References, kisha Table of Contents, na yaliyomo yatajiandika. Msimamizi akiongeza aya, bofya ndani ya yaliyomo, bonyeza F9 (kwenye laptop nyingine ni Fn na F9), chagua kusasisha jedwali lote. Basi.

Na zile namba za Kirumi za kurasa za mwanzo: mwisho wa kurasa hizo nenda Layout, Breaks, Next Page. Kisha bofya mara mbili ukingo wa chini wa sura ya kwanza, zima Link to Previous, ndipo uagize namba zianze upya kutoka 1. Wengi hukwama kwa sababu wameiruka hiyo hatua ya kuzima.

Wateja wanakuja na flashi ambazo mafolda yote yamegeuka shortcut. Kijana wangu anawaambia kazi zimepotea, wafomati. Ni kweli? (Mama wa steshenari, Bukoba)

Si kweli, mama, na mzuie asifomati. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, fungua Properties: utaona nafasi bado imejaa. Kazi za mteja zimo. Kirusi kimezificha na kuweka shortcut mahali pake, na ukizibofya hizo shortcut ndipo kinapohamia kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo kwanza piga skani kwa antivairasi. Kisha tazama flashi imepewa herufi gani, tuseme E, ufungue Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Ile h ni alama ya kufichwa, r ya kusomwa tu, s ya faili za mfumo; kila kistari kinasema "ondoa". Zile /s na /d zinasema ifanyike kwenye faili na folda zote. Nakuelezea herufi mojamoja kwa makusudi: amri uliyoinakili bila kuielewa, siku moja utaibandika mahali sipo.

Nina orodha ya wanachama 1,200 wa SACCOS yetu, na orodha ya makato ya mwezi kutoka kwa mwajiri. Kujua nani hajakatwa natumia siku tatu, rula mkononi. (Mhasibu, Morogoro)

Siku tatu hizo ni dakika kumi. Lakini acha kwanza kulinganisha majina. Huku ameandikwa Khamis, kule Hamisi. Wewe unajua ni mtu mmoja, Excel, programu ya majedwali, haijui. Tumia namba ya uanachama. Pembeni ya orodha ya wanachama andika:

=VLOOKUP(A2,Mei!A:C,3,FALSE)

Yaani: chukua namba iliyo kwenye A2, itafute katika safu ya kwanza ya karatasi ya Mei (tuseme ndiyo yenye orodha ya mwajiri), niletee kilichomo safu ya tatu, yaani makato, na usikisie. Hilo "usikisie" ndilo FALSE. Ukilisahau unaweza kuletewa makato ya mtu mwingine, na hutajua. Buruta kona ya kisanduku hadi chini. Palipo na #N/A, huyo hayumo kwenye orodha ya mwajiri. Ikiwa namba unaiona kwa macho na bado inakataa, huenda upande mmoja imehifadhiwa kama maandishi na upande wa pili kama tarakimu. Ni ugonjwa uleule unaozinyang'anya namba za simu sifuri ya mwanzo.

Jambo moja tena, kwa kuwa unashika fedha za watu. Mwaka 2020 huko Uingereza matokeo ya vipimo vya korona yalikuwa yakiingizwa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, .xls, ambazo hubeba mistari 65,536 tu. Iliyozidi ikakatika kimyakimya. Watu karibu 16,000 waliokutwa na maambukizi hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Nyinyi bado mko mbali na mpaka huo, ila kama mnahifadhi kwa .xls, hamieni .xlsx.

Mwanangu, nimestaafu ualimu, nina miaka 66, nimeanza kompyuta mwaka huu. Wajukuu wanabonyeza vitufe hadi nazunguka kichwa. Nishike vingapi? (Mwalimu mstaafu, Tanga)

Shikamoo mwalimu. Mwezi huu vitatu vinatosha: Ctrl na S kuhifadhi, Ctrl na F kutafuta neno ndani ya waraka, Ctrl na Z kurudisha ulichoharibu. Viandike kwenye kikaratasi ukibandike chini ya skrini.

Mwezi ujao ongeza kunakili na kubandika, C na V. Mbinu hiyo waliitengeneza Larry Tesler na Tim Mott wa Xerox huko California miaka ya 1970, walipokuwa wakiandaa programu kwa ajili ya wahariri wa vitabu vya shule, watu waliozoea mkasi na gundi. Kwa hiyo utaizoea upesi.

Ila Z ndiyo nakusisitizia, kwa sababu watu wazima nilowafundisha walicheleweshwa na woga wa kuharibu kuliko na vidole. Andika aya nzima, ichague, ifute yote, kisha bonyeza Ctrl na Z uione inavyorudi. Fanya hivyo mara kumi leo.