Kwanza niambieni upepo ulikuwa unatoka wapi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linasema: bingwa wa baiskeli akizidiwa kwenye mbio dhidi ya saa za mwanzo wa msimu, mashabiki waanze kuogopa? Jibu langu ni hapana, au angalau bado. Lakini mimi ni fundi baiskeli, na fundi akishafungua gurudumu hawezi kuliacha hivyo hivyo sakafuni, kwa hiyo nivumilieni.

Nina kibanda hapa Malindi, mwaka wa 19 sasa. Toka kibandani hadi njia panda ya Gede ni kilomita 15 na ushei, na barabara karibu yote inaelekea upande wa kusini. Februari moja, kaskazi imeshika kasi, niliamka nikapanda baiskeli yangu ya mbio, ile niliyoiunga mwenyewe kwa vipande vya baiskeli tatu, nikafika Gede kwa dakika 27. Niliitazama saa ya simu mara tatu. Nikanunua madafu mawili, moja la kiu, la pili la kujipongeza. Kisha nikageuza kurudi nyumbani. Kaskazi ile ile iliyonisukuma mgongoni ikanikaba kifua. Mchanga menoni, tuktuk zinanipita moja baada ya nyingine, na mama mmoja aliyepakiwa kwenye bodaboda pamoja na gunia la makaa akanipungia mkono wa pole. Dakika 44. Miguu ni ile ile, na baiskeli ni hiyo hiyo. Ukija Julai, kusi inavuma, mambo yanageuka: kwenda ndiyo taabu, kurudi ni kuteleza tu.

Sasa mtu akiniletea matokeo ya mbio za Februari akaniambia bingwa fulani amekwisha, mimi humuuliza kwanza ya kwenda au ya kurudi?

Kwa wasioufuata mchezo huu, mbio dhidi ya saa hazina kundi la kujificha. Wapandaji wanatoka mmoja mmoja, wakiachana dakika moja au mbili, na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kwenye barabara tambarare, mtu akiwa kwenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, karibu sehemu 9 kati ya 10 za nguvu zake zinaliwa na hewa anayoipasua. Na hewa haina huruma: ukitaka kasi mara mbili, inakudai nguvu mara nane. Ndiyo maana wanajikunja kama wamesujudu, na kiwiko kikichomoza nje kidogo tu, sekunde zinavuja polepole kama tyubu iliyochomwa na mwiba wa mchongoma. Unapumua, unapiga pedali, hujui zinakwendea wapi.

Nianze na Ghuba, kwa kuwa ndiko wakubwa wengi wanakoanzia mwaka. Februari 2021, kwenye UAE Tour, mashindano ya siku kadhaa ya Falme za Kiarabu, siku moja ilikuwa ya mbio za saa za kilomita 13 pale kisiwa cha Al Hudayriyat, Abu Dhabi. Mshindi alikuwa Filippo Ganna, Mwitaliano aliyeumbwa kwa kazi hiyo. Tadej Pogačar, bingwa wa Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa ambazo kwa kawaida ni za Julai, alishika nafasi ya 4. Mwaka uliofuata, 2022, UAE Tour ile ile, safari hii Ajman na kilomita 9 tu: Stefan Bissegger wa Uswisi akashinda, na Pogačar akawa wa 4 tena. Miaka yote miwili aliondoka na ubingwa wa jumla wa UAE Tour, yaani muda wa siku zote ukijumlishwa. Miaka yote miwili akaenda Italia mwezi wa tatu akanyakua mbio za siku kadhaa za Tirreno-Adriatico. Mpaka hapo ungesema karatasi ya 2022 ni nakala ya ile ya 2021. Kisha ikaja Julai. Mwaka 2021 alishinda Tour de France bila mtu wa kumsumbua sana. Mwaka 2022 Jonas Vingegaard wa Denmark alimvua milimani jezi ya njano, ile ya anayeongoza, na kumwacha kwa dakika 2 na sekunde 43 hadi Paris.

Nafasi ya 4 ya kwanza ilikuwa na maana gani, na ya pili ilikuwa na maana gani? Ukinijibu hilo bila kutumia Julai kama miwani, nitakutengenezea baiskeli bure mwaka mzima.

Na kuna la kunogesha zaidi. Kwenye Tirreno hiyo ya 2022, mbio za saa za Lido di Camaiore zilikuwa kilomita 13.9. Ganna alishinda, Remco Evenepoel wa Ubelgiji akawa wa pili, Pogačar wa 3 kwa tofauti ya sekunde 18. Ganna alitumia dakika 15 na ushei, kwa hiyo sekunde hizo ni kama asilimia 2. Vingegaard alikuwa huko nyuma na hakuna aliyemshughulikia. Miezi minne baadaye, kwenye mbio za saa za Tour, Rocamadour, kilomita 40.7, Vingegaard akamaliza wa pili na Pogačar wa 3. Saa ya Machi haikumtaja mtu ambaye Julai ilimtawaza.

Nije kwa mtu wetu. Nasema wetu kwa sababu Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na aliyemtia kwenye njia hii ni David Kinjah, kule Kikuyu, kwenye vumbi na mashimo. Mwaka 2006, kwenye mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 23 huko Salzburg, Froome alivaa jezi ya Kenya kwenye mbio dhidi ya saa. Alitoka kwenye jukwaa la kuanzia, na kabla hajafika popote akamgonga msimamizi wa mbio, wote wawili chini. Picha za tukio hilo zipo na zinachekesha mpaka leo. Mtu wa kuhukumu mapema angelimwambia siku hiyo arudi Kikuyu akauze mayai. Akashinda Tour de France mara 4.

Lakini mwaka wake ninaoupenda kwa ajili ya swali lenu ni 2017. Februari alikwenda Australia, Herald Sun Tour, akamaliza wa 6. Mwezi wa nne, Tour de Romandie kule Uswisi, akawa wa 18. Watu wakaanza: kazeeka, kashiba, Richie Porte wa Australia sasa ndiye mwenye mwaka. Na Porte kweli alikuwa moto, ndiye aliyeshinda Romandie. Juni, kwenye Critérium du Dauphiné, mbio za Ufaransa za kujipima kabla ya Tour (najua Juni si mwanzo wa msimu, lakini kisa hakikamiliki bila hiyo), mbio za saa za kilomita 23.5 kuelekea Bourgoin-Jallieu: Porte wa kwanza, Froome wa 8, sekunde 37 nyuma. Akaingia Tour de France akiwa hajashinda hata kitu kimoja mwaka ule.

Siku ya kwanza ya Tour, Julai 1, Düsseldorf. Kilomita 14, mvua, barabara inang'aa kama imepakwa samli. Alejandro Valverde aliteleza kwenye kona akavunjika goti, Tour yake ikaishia pale. Geraint Thomas alishinda. Froome wa 6, sekunde 12 nyuma yake. Na Porte? Sekunde 47. Yule aliyempiga Froome kwa sekunde 37 wiki tatu kabla, kapigwa kwa sekunde 35, tena kwenye njia fupi zaidi. Porte alisema wazi kwamba mvua ilimtia woga. Siku chache baadaye akaanguka vibaya kwenye mteremko wa Mont du Chat, akaondolewa kwa gari la wagonjwa. Froome alishinda Tour kwa sekunde 54 bila kushinda hatua, yaani mbio za siku moja, hata moja, kisha Septemba akashinda Vuelta ya Hispania, na humo akachukua mbio za saa za Logroño. Miguu iliyokuwa imelala mwezi wa nne ilikuwa macho mwezi wa tisa. Mtu mwenye kazi mbili kubwa mwishoni mwa mwaka hachomi kuni zake zote mwezi wa pili.

Geuza shilingi uone upande wa pili. Mei 2014, siku ya mwisho ya Romandie, Neuchâtel, kilomita 18.5: Froome huyo huyo alimshinda Tony Martin, bingwa wa dunia wa mbio hizo kwa wakati huo, kwa sekunde 1. Fomu gani tena ulitaka? Tour ya mwaka huo ilimwisha hatua ya 5, mifupa imevunjika, hata barabara za mawe za kaskazini mwa Ufaransa zilizokuwa zikimsubiri hakuzifikia.

Sitaki mdhani nasema mbio za mwanzo hazisemi chochote. Kuna watu zinawasema vizuri. Bradley Wiggins wa Uingereza mwaka 2012 alikwenda mwezi wa tatu kwenye mbio za Paris–Nice: siku ya kwanza, mbio za saa, alishindwa kwa sekunde 1, siku ya mwisho, za saa tena, akapanda mlima wa Col d'Èze na kushinda kwa sekunde 2, na mbio zote zikawa zake. Akaenda Romandie, kwenye mbio za saa za mwisho mnyororo ukamtoka njiani, na bado akashinda. (Mnyororo kumtoka bingwa mwenye mafundi wa kulipwa! Niliposikia nilifurahi kwa wiki nzima, kwa sababu wateja wangu hudhani ni mimi tu.) Akachukua Dauphiné, akachukua Tour, na Agosti 1 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya London kwenye mbio dhidi ya saa. Kwake yeye Machi ilisema kweli tupu. Sababu ni kwamba kocha wake, Tim Kerrison, Mwaustralia aliyetoka kwenye kuogelea, hakuamini habari ya kutumia mashindano kama mazoezi. Mpandaji awe karibu na ubora wake mwaka mzima, akija kwenye mbio aje kushinda. Basi kabla ya kuyasoma matokeo lazima ujue bingwa ni wa madhehebu gani: yule anayekuja kupika, au yule anayekuja na sinia limeshapakuliwa.

Mimi nafasi siitazami sana. Natazama kiuno. Mtu mwenye nguvu anakaa kwenye siti kama msumari. Aliyepungukiwa anaanza kujisogeza mbele, anarudi nyuma, anajisogeza tena, kama abiria wa matatu aliyekalia chuma. Natazama kichwa: kikianza kuinama na kuinuka, shingo imechoka, na upepo unaingia pale. Halafu natazama muda wa katikati ya njia. Akitoka kwa kasi nzuri kisha akayeyuka nusu ya pili, hapo miguu bado haijaiva, na miguu huiva. Akipoteza kidogo kidogo kwa kipimo kile kile toka mwanzo hadi mwisho, huenda ni baiskeli mpya, mkao mpya, nguo mpya. Majira haya ndiyo wanayojaribia vitu hivyo. Hilo nalo si la kulilia.

Panaponitia wasiwasi ni mahali pamoja tu: bingwa anayerudi kutoka kwenye jeraha kubwa. Juni 2019, Froome alikuwa akiikagua njia ya mbio za saa za Dauphiné kule Roanne. Aliachia mkono mmoja apenge kamasi, upepo ukampiga gurudumu la mbele, akagonga ukuta kwa kasi ya zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Paja, kiwiko, mbavu. Alirudi barabarani Februari iliyofuata, hapo hapo UAE Tour, na kila mwaka baada ya hapo tuliambiana subirini, ni mapema. Mimi mwenyewe nilisema hivyo hadi mwaka 2022. Hakushinda mbio tena. Kwa mtu wa namna hiyo, matokeo mabaya ya Februari nayasoma mara mbili, na moyo unaniuma.

Najua kuna atakayenitajia Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipokuja kwetu Afrika. Kwenye mbio dhidi ya saa, Evenepoel alimkamata na kumpita Pogačar aliyetangulia kutoka kwa dakika 2 na nusu. Hapa kibandani palikuwa na kelele, watu wakamzika Pogačar na matanga wakaanua siku hiyo hiyo. Jumapili iliyofuata akashinda mbio za barabarani, na Evenepoel akawa wa pili. Wiki moja tu, ndugu zangu, na mlima ule ule wa Kigali.

Kijana wa jirani yangu, miaka 17, ana miguu mirefu kama ya korongo, alikuja juzi jioni amelowa jasho. "Ami, Gede dakika 25!" Akasimama anangoja nishangae. Nikaiangalia bendera ya duka la mkabala, imenyooka kuelekea kusini kama imepigwa pasi. Nikampa maji. Nimemwambia Jumapili tunakwenda naye, na saa nitaiwasha tukiwa Gede, tumeshageuka.