Venus katika vyumba vya kuogea

SWALI: Katika kitabu cha sanaa nimeona picha ya mwaka 1751 ya Mfaransa François Boucher, iitwayo "Kujipamba kwa Venus". Kwa nini Wakristo wa Ufaransa walipamba nyumba zao kwa miungu ya Warumi wa kale? Je, mwanamke huyo ni Madame de Pompadour mwenyewe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Picha hiyo itaeleweka vizuri zaidi tukiirudisha kwanza mahali ilipokusudiwa kuwekwa. Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, alimwagiza Boucher aichore kwa ajili ya vyumba vya kuogea vya Bellevue, kasri lake la mapumziko lililojengwa mlimani juu ya mto Seine, nje kidogo ya Paris. Kwa hiyo aliyeingia humo kuoga na kujipamba alimkuta ukutani Venus, mungu wa mapenzi na uzuri, akifanya jambo lilelile, huku watoto wenye mabawa wakimhudumia. Njiwa na lulu si mapambo ya kujazia nafasi tu: njiwa ni ndege wa Venus, na lulu hutoka baharini, alikozaliwa yeye kwa mujibu wa hadithi.

Wenye nyumba hizo hawakuiabudu miungu hiyo. Hadithi zake zilikuwa sehemu ya elimu ya kila mtu aliyesoma, nazo zilimpa mchoraji ruhusa ya kuonyesha mwili usio na nguo bila kumvunjia heshima mwanamke yeyote aliye hai.

Ndiyo maana nasita kuiita picha hiyo sura ya Madame de Pompadour. Hata hivyo, mwaka 1750 yeye mwenyewe aliigiza nafasi ya Venus huko Versailles, katika mchezo wenye jina hilohilo la picha, na wageni wake hawakukosa kuukumbuka.

Kasri lilibomolewa katika karne ya 19. Picha yako sasa iko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, na picha mwenzake, inayomwonyesha Venus kando ya maji pamoja na mwanawe Cupid, iko Washington. Nakusihi utafute nakala zote mbili uzitazame pamoja, kwa kuwa moja imejaa mapazia na samani za dhahabu, na nyingine majani na maji, nazo zilichorwa zikae katika makao yaleyale.