Mtu anataka kununua domeni yako? Usimjibu leo

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una domeni, yaani jina la anwani ya tovuti, ya maneno mawili inayoishia na .com, umeilipia miaka sita bila kuifanyia kazi yoyote, na juzi imeingia imeili kutoka kwa mtu usiyemjua: yuko tayari kutoa dola 500, je, unauza? Unauliza uchukue, au umtajie 20,000 uone atasemaje. Mimi nimeshauza domeni tatu. Ya kwanza niliiuza kwa ujinga, ya pili kwa akili, ya tatu kwa bahati tu, kwa hiyo hiyo ya tatu naiacha.

Ya kwanza lilikuwa jina fupi nililolisajili kwa ajili ya mradi ambao haukuvuka hatua ya kuchora nembo. Imeili iliingia saa nne usiku, mstari mmoja tu: "Habari, jina hili linauzwa? Kiasi gani?" Nikapiga hesabu kichwani. Nimelilipia miaka minne, jumla kama dola 50. Nikizidisha mara sita nimepata faida ya nguvu. Nikaandika 300. Kabla sijafunga kompyuta, jibu likawa limefika: "Sawa. Tunalipaje?"

Ile "sawa" inaniuma mpaka leo. Mtu ukimtajia bei akalipa bila hata kusema punguza kidogo, jua umejipunja. Miezi michache baadaye nikafungua ile anwani kwa udadisi, nikakuta tovuti ya kampuni yenye ukurasa wa "tunaajiri" na nafasi tisa wazi. Watu wanaoajiri tisa kwa mpigo hawakuwa na shida ya dola 300.

Kosa langu ni kwamba nilihesabu nilichotumia mimi. Gharama zako hazimhusu mnunuzi hata chembe. Yeye halipii miaka yako sita ya ada, analipia shida yake: matangazo yaliyokwisha kuchapishwa, imeili za wateja zinazopotea, bosi anayeuliza kila Jumatatu jina limepatikana au bado. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua nani amesimama mlangoni, na kazi hiyo huwezi kuifanya ndani ya robo saa ukiwa umepagawa na furaha.

Usidanganyike na anwani ya imeili ya bure. Anayekuandikia anaweza kuwa mwanafunzi kweli, lakini anaweza pia kuwa dalali aliyetumwa na kampuni isiyotaka ujue ukubwa wa mfuko wake. Wewe tafuta. Andika maneno yako mawili kwenye Google uone nani anayatumia. Angalia jina hilohilo likiwa na miishio mingine, halafu angalia lililoongezewa neno mbele au nyuma. Ukikuta kampuni inayotumia jina lako lililofungwa mkia, huyo ndiye mwenye njaa. Tesla walitumia teslamotors.com kwa miaka mingi hadi walipoipata tesla.com mwaka 2016, na Elon Musk mwenyewe alikuja kusema iliwachukua zaidi ya miaka kumi na kama dola milioni 11. Usijilinganishe na wao kwa kiasi, linganisha umbo la shida tu: mtu ambaye tayari ana biashara yenye jina lako anahitaji kitu ambacho hakiko duka lingine.

Kwa kiasi, pitia NameBio, ambako mauzo yaliyotangazwa hadharani yameorodheshwa, utafute majina yanayofanana na lako kwa urefu na aina. Utakutana na voice.com iliyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Ipite. Hilo ni neno moja la kamusi, lako ni maneno mawili. Zile programu zinazokukadiria thamani papo hapo sizipuuzi kabisa, ila hazijui nani amekuandikia.

Sasa hii hoja ya kumrushia 20,000 "uone atasemaje" ndiyo iliyonifanya niandike kirefu hivi. Mwaka 2003 kijana mmoja wa shule kule Kanada, Mike Rowe, alisajili mikerowesoft.com kwa sababu jina lake likiongezewa "soft" linasikika kama Microsoft, akaona linachekesha. Mawakili wa Microsoft wakamwambia watamrudishia gharama yake ya usajili, dola 10. Kijana akakasirika, akataja 10,000. Baadaye akapokea bunda la karatasi kama 25 lililodai kwamba nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuwauzia. Yaani bei aliyoitaja kwa hasira ikageuzwa ushahidi. Mwishowe walielewana, na kelele za umma zilimsaidia sana, lakini usitegemee kelele za umma.

Ujue ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, lina utaratibu wa migogoro ya majina unaoitwa UDRP, upo tangu 1999. Mwenye alama ya biashara akitaka kukunyang'anya domeni lazima athibitishe mambo matatu kwa pamoja: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki wala maslahi halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Kulisajili hasa ili umuuzie yeye kwa zaidi ya gharama zako kumetajwa waziwazi kama nia mbaya. Kufungua shauri WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu linalopokea mashauri haya, mbele ya msuluhishi mmoja ni dola 1,500, ukiacha wakili. Hiyo namba iweke kichwani, maana na mnunuzi anaijua. Kama jina lako linagusa alama maarufu iliyokuwepo kabla yako, ukitaja bei kubwa unamwonyesha njia ya bei rahisi zaidi. Lakini kama wewe umesajili miaka sita iliyopita na kampuni yake imezaliwa juzi, mambo yamegeuka: ni vigumu sana kusema ulimwinda mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo linganisha tarehe zako na zake kabla ya kutaja chochote. Ukikuta alama maarufu imekutangulia, acha kuandika, muone wakili.

Turudi kwenye domeni yangu ya pili, maana hapo ndipo nilipojifunza kunyamaza. Dau la kwanza lilikuwa 800. Sikujibu siku hiyo. Nilichukua kipande cha karatasi, nikaandika 5,000, nikakibandika pembeni ya kioo cha kompyuta. Maana yake: chini ya hapo, nikibaki na jina langu silali na majuto. Siku ya tatu nikaandika maneno haya tu: "Asante kwa ujumbe. Jina hili sijaliweka sokoni, ila ofa ikifika bei naweza kulifikiria. 800 haijafika." Hakuna maelezo, hakuna hadithi ya mradi wangu. Na sikumdanganya kwamba kuna mnunuzi mwingine. Uongo huo ni rahisi kutamka na mgumu kuutunza, akisema "basi muuzie yeye" umebaki unatazama kioo.

Akarudi na 1,500. Nikamjibu kwa adabu kwamba bado. Akauliza: "Wewe unataka ngapi?"

Hapa wengi wanashauri usitaje wa kwanza kamwe. Mimi sikubaliani nao. Mara ya kwanza, sawa, mwachie yeye. Lakini mtu akishapanda na kukuuliza waziwazi, ukiendelea kujizungusha anachoka na kwenda kuchukua jina lingine. Taja, na utaje namba unayoweza kuitetea ukiulizwa. Nilitaja 9,500, nikamwekea mifano miwili ya mauzo ya majina yanayofanana. Halafu kimya.

Siku mbili, tano, nane. Siku ya tisa nikaandika: "Nimefikiria tena, naweza kushuka hadi 4,000." Ona hapo, chini ya karatasi yangu mwenyewe! Na aliyenishusha ni mimi, mnunuzi hajasema neno. Nikanyanyua macho, nikaona ile 5,000 kwenye kioo, nikaiacha imeili kwenye rasimu. Ipo mpaka leo, sijaifuta. Siku ya kumi na mbili akaandika kwamba wakubwa wake wamekaa na wameidhinisha 6,000. Kumbe kimya chote kile kilikuwa kikao, mimi nikakisoma kama kukataliwa. Nikasema 7,500, tukafungia 7,000 na ada za malipo juu yake.

Sikwambii kila kimya kina 6,000 ndani yake. Wengine hupotea moja kwa moja, na ukishakataa dau la mtu halazimiki kulirudisha mezani. Kama dola 500 leo zinakutatulia jambo na jina halina mwingine anayelitaka, chukua, wala usione haya. Ndiyo maana namba ya chini inaandikwa kabla ya mazungumzo, kichwa kikiwa kimetulia.

Kwenye malipo nitaenda haraka. Mnunuzi akisema yuko tayari ila anataka kwanza cheti cha tathmini kutoka tovuti fulani anayoitaja yeye, huyo ni tapeli. Utalipa ada ya cheti na hutamsikia tena. Mnunuzi wa kweli humlipa mtu wa kati anayeshika amana, kama Escrow.com, nawe unahamisha jina pesa ikiwa imeshafika huko. Anwani ya huyo mtu wa kati iandike kwa mkono wako, usibofye kiungo alichokutumia, na uthibitisho wa pesa usome ndani ya akaunti yako, si kwenye imeili. Msimbo wa uhamisho, ile namba ya siri inayoruhusu jina kuhama, hautoki mkononi mwako kabla ya hapo. Malipo yanayoweza kurudishwa na mlipaji baada ya wiki mbili yakatae. Akiwa na akaunti kwa msajili wako, yaani kampuni unayoilipa ada ya domeni, jina linasukumwa kwake siku hiyohiyo. Akitaka msajili mwingine huchukua siku kadhaa, na kama ulilihamisha ndani ya siku 60 zilizopita huenda limefungwa lisihame tena kwa sasa, mwambie mapema. Akiomba kulipa kwa awamu si vibaya, ilimradi jina libaki kwa mtu wa kati mpaka awamu ya mwisho.

Basi kwa dola zako 500: leo usijibu. Ingia kwa msajili wako uangalie domeni inaisha lini, uilipie mwaka mwingine, maana kuna wanunuzi ambao mpango wao wa pili ni kusubiri usahau. Kesho mtafute huyo mtu ni nani. Keshokutwa umwandikie mistari miwili. Akijibu, njoo utuambie kasemaje, lakini jina lenyewe endelea kulificha kama ulivyofanya, kwa sababu na yeye anajua kutafuta kwenye Google, na akiukuta uzi huu ataona umeandika mwenyewe kwamba unafikiria kuchukua 500.