Barua kwa mwanangu: Kiapo cha Wakatoliki wa Maryland

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza iliwezekanaje Wakatoliki wa Maryland, koloni la Waingereza huko Amerika, waingie kwenye mapinduzi ya Marekani ya 1776 dhidi ya Uingereza bega kwa bega na majirani waliowaona vibaraka wa Papa. Anza na kiapo, mwanangu.

Tangu 1718 Mkatoliki wa huko hakupiga kura mpaka ale kiapo, na cheo cha serikali alikisikia tu. Ndani ya maneno ya kuapa alitakiwa akane kwamba katika Misa mkate na divai hugeuka Mwili na Damu ya Kristo. Uone ubaya wake: mwongo angeapa akapita, mwenye imani ndiye aliyebaki nje. Mwaka 1756 kodi yao ya ardhi ikawa maradufu.

Ndiyo maana Charles Carroll, tajiri mkubwa, hakuwa na kura. Mwaka 1773 alibishana magazetini na Daniel Dulany, mwanasheria na ofisa wa serikali, kuhusu ada za maofisa ambazo gavana alizipanga peke yake, na Dulany akamsimanga kwa dini yake. Wasomaji wengi Waprotestanti walisimama na Carroll. Miaka mitatu baadaye alitia saini Azimio la Uhuru wa Marekani, Mkatoliki pekee kati ya watu 56, na Novemba ya mwaka huo huo Maryland ikawafungulia Wakristo wote vyeo.

Quebec, koloni la Waingereza huko Kanada lenye Wakatoliki wengi, mambo yaliharibika, na kosa lilikuwa la wanamapinduzi wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1774 Kongresi yao, yaani baraza la wajumbe wa makoloni, iliwaandikia Waingereza kwamba dini ya Kikatoliki imejaza damu kisiwa chao. Tarehe 26 ikawaandikia Wakatoliki wa Quebec maneno matamu ya udugu. Barua zote mbili zilifika Quebec! Carroll na binamu yake padri John Carroll walipotumwa Montreal 1776 pamoja na Benjamin Franklin kuwaomba watu wa huko waunge mkono mapinduzi, walirudi mikono mitupu. Uingereza ilikwishawapa Wakatoliki wa huko kiapo kisichowataka waikane imani yao, na askofu wao alikuwa upande wa mfalme.

Usidhani basi wote walikuwa upande mmoja. Waingereza walipoukalia mji wa Philadelphia, waliunda upande wao kikosi cha Wakatoliki, ilhali Stephen Moylan, Mkatoliki, aliongoza askari wapanda farasi wa Jenerali George Washington, mkuu wa jeshi la mapinduzi.

New York nayo ilichelewa. Francis Cooper alichaguliwa kuingia bungeni, akagoma kula kiapo cha kumkana Papa katika mambo ya kanisa. Kiapo kikafutwa 1806, naye akaketi.

Mama yako