Maji ya rejeta kuingia kwenye oili baada ya oveholi ya Peugeot 504

Ndugu, umeeleza kuwa baada ya kilomita chache tangu injini ifanyiwe oveholi (matengenezo makubwa) oili imekuwa kama chai ya maziwa na maji ya rejeta yanapungua, ilhali hakuna maji yanayodondoka nje. Tafadhali usiiwashe injini tena, kwani oili iliyochanganyika na maji haizilindi beringi za krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni).

Acha gari lilale usiku kucha, kisha legeza taratibu nati ya kumwagia oili iliyo chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Maji yaliyotuama chini yatatangulia kutoka. Shusha sampu, jaza rejeta, na injini ikiwa baridi uiongezee rejeta shinikizo kwa pampu ya kupimia, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta, huku ukichungulia kutoka chini kwa tochi. Matone yakitokea chini ya laina (mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka), sili zake za kuzuia maji ndizo mbovu. Yakiteremka kutoka juu, shuku gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), au hedi yenyewe kuwa na ufa au kupinda.

Mimi ningeshuku sili kwanza. Laina za injini hii huzungukwa na maji moja kwa moja, na fundi akizungusha krankishafti hedi ikiwa imefunguliwa bila kuzibana laina, laina hizo huinuka kidogo na kuharibu sili. Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Muulize fundi wako kama alifanya hivyo, na pia kama alipima laina zimechomoza kiasi gani juu ya bloku (mwili wa injini).

Kupima ufa wa hedi ni kazi ya karakana yenye mashine. Ukimaliza matengenezo, badilisha oili na filta, endesha kidogo, kisha ubadilishe tena.